Tubaki au tutoke? Jumuiya ya Afrika Mashariki ikitazamwa kutoka Horohoro

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kama kilometa 65 za lami. Ukifika pale, mjadala wa kubaki ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki au kutoka unaacha kuwa maneno ya barazani na kuwa hesabu: gunia la mahindi, kirikuu kimejaa machungwa ya Muheza yanayopelekwa soko la Kongowea, Mombasa, na katoni za sabuni zinazokuja upande huu. Tunalinganisha njia hizo mbili kwa ajili ya mtu anayetaka kushika upande akiwa na sababu mkononi, awe ni mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, mfanyabiashara au diwani.

Msimamo wetu tunauweka wazi tangu hapa. Kwa mkoa wa Tanga, kubaki kuna faida zaidi. Hata hivyo, baadhi ya hoja zinazotumiwa kutetea kubaki hazina mashiko, na zipo hoja za kutoka ambazo ni nzito na zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Kwanza, tunatoka kwenye kitu gani?

Watu wengi wanabishana bila kukubaliana Jumuiya yenyewe ni nini. Mkataba wake ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Leo ina nchi nane: Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Somalia.

Mkataba umepanga hatua nne. Umoja wa forodha ulianza Januari 2005, na huo ndio unaogusa mfuko wa mtu kila siku. Soko la pamoja lilianza Julai 2010, nalo linafanya kazi nusu nusu. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa Novemba 2013, lakini sarafu yenyewe haipo. Hatua ya nne ni shirikisho la kisiasa, nalo bado ni nia tu.

Kwa hiyo anayesema "tutoke" aulizwe anataka kutoka kwenye hatua ipi. Anayeogopa shirikisho anaogopa kitu ambacho hakijajengwa, na hakiwezi kujengwa bila ridhaa yetu, kwa sababu wakuu wa nchi huamua kwa kauli moja. Tanzania ikisema hapana, jambo halipiti. Anayechukia umoja wa forodha, huyo ana jambo la kweli la kujadili, na ndiye tunayemjibu zaidi hapa chini.

Ushuru ndio moyo wa jambo

Ndani ya umoja wa forodha, bidhaa iliyozalishwa katika nchi mwanachama huvuka bila ushuru wa forodha. Bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja: malighafi asilimia 0, bidhaa za kati asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25, na tangu Julai 2022 iko ngazi ya nne ya asilimia 35. Juu ya hizo kuna orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vikubwa zaidi, na humo ndimo yanamokaa mazao yetu.

Siku Tanzania itakapotoka bila mkataba mwingine wa kuziba pengo, bidhaa yetu itahesabiwa pale Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka huo, kama bidhaa ya mgeni yeyote:

| Bidhaa inayokwenda Kenya | Tukibaki, ikiwa na cheti cha uasili (kinachoeleza ilikozalishwa) | Tukitoka bila mkataba mpya |
|---|---|---|
| Mahindi | 0 | asilimia 50 |
| Mchele | 0 | asilimia 75 kitabuni. Kenya imekuwa ikipewa ruhusa ya kutoza 35 |
| Sukari | 0 | asilimia 100 |
| Bidhaa iliyokamilika ya kawaida | 0 | asilimia 25, au 35 kwa iliyo ngazi ya nne |

Chukua mzigo wa mchele wa Sh 2,000,000. Leo ushuru wa forodha ni sifuri. Kwa kiwango cha 35, ni Sh 700,000. Kwa kiwango cha 75, ni Sh 1,500,000. Kwenye karatasi anayelipa ni mwagizaji wa upande wa Kenya, lakini mnunuzi wa Kongowea hatakubali kula hasara hiyo peke yake. Atakuja Mombo au Korogwe na bei ya chini, au ataacha kuja kabisa na kununua mchele wa Pakistani ulioshuka bandarini Mombasa, ambao utakuwa unatozwa sawa na wetu.

Kuna jibu moja zuri ambalo watetezi wa kutoka hulitoa: Kenya yenyewe hufuta ushuru wa mahindi kwa muda kukiwa na ukame. Ni kweli, imewahi kufanya hivyo. Lakini msamaha wa namna hiyo ni wa miezi, hutolewa kwa faida ya anayenunua, na mkulima hawezi kulima akitegemea ukame wa jirani.

Upande wa pili wa mizani pia upo. Tukitoka, Tanzania nayo itaweza kutoza ushuru bidhaa za viwanda vya Kenya: sabuni, mafuta ya kupikia, plastiki, dawa. Kiwanda cha ndani kinachoshindana nazo kitapumua. Mwenye duka Ngamiani atapandisha bei. Haya mawili huja pamoja. Hakuna anayeweza kukupa la kwanza bila la pili.

Cheti kimoja, na yanayoharibika

Kwa mchuuzi mdogo faida ya Jumuiya iko kwenye karatasi moja: cheti cha uasili kilichorahisishwa. Kinatumika kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, wa bidhaa zilizo kwenye orodha inayokubalika, na hutolewa na ofisa wa forodha pale pale mpakani. Ukiwa nacho, hutozwi ushuru wa forodha.

Wengi hukwama kwa sababu zinazojirudia. Ya kwanza ni kudhani kwamba cheti hicho kinafuta kila malipo. Hakifuti. Kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine za ndani hubaki pale zinapohusika. Ya pili ni wachuuzi kadhaa kukusanya mizigo yao kwenye gari moja kwa jina la mtu mmoja. Thamani inapita dola 2,000, mzigo unageuka wa utaratibu wa kawaida, anahitajika wakala wa forodha, na siku inakwisha. Kila mmoja abaki na cheti chake na orodha ya mzigo wake hata kama gari ni moja. Ya tatu ni kusahau cheti cha afya ya mimea kwa matunda, mboga na nafaka. Cheti cha uasili kinaeleza bidhaa imezaliwa wapi. Hakisemi kama ina wadudu. Ya nne ni kuchanganya mchele wa Mombo na mchele wa kutoka Asia kwenye gunia moja. Hilo likigundulika, unapoteza haki ya msamaha, na wenzako wanaofuata wanakaguliwa kwa jicho kali zaidi.

Kama tungetoka, karatasi hiyo ingekosa nguvu siku hiyohiyo. Kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja ili msafiri asimame mara moja tu, kinaendeshwa chini ya sheria ya Jumuiya ya 2016. Hapa lakini tusitie chumvi: kituo cha namna hiyo kipo pia Tunduma na Nakonde, na Zambia haimo katika Jumuiya. Tanzania na Zambia zilikubaliana zenyewe. Kwa hiyo jengo la Horohoro linaweza kuendelea kutoa huduma baada ya kutoka, mradi mkataba wa nchi mbili uandikwe kabla, si baada.

Bila mkataba huo, mizigo midogo itarudi kwenye njia za panya. Kati ya Jasini na Vanga watu ni walewale, Wadigo na Wavumba wenye ndugu pande zote mbili, na mikoko haina geti. Ushuru wa asilimia 50 ni mshahara mnono kwa anayejua njia ya usiku.

Mahindi ya Machi 2021

Mfano huu hutumiwa na pande zote mbili za mjadala, kwa hiyo tuukalie kidogo.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda ikisema yana sumukuvu kupita kiasi. Malori yalisimama. Waliochoka na Jumuiya wakauliza: soko la pamoja gani hili, ambalo jirani anaamka asubuhi na kulifunga? Swali ni la haki.

Lakini tazama kilichofuata. Ndani ya siku chache zuio liligeuzwa masharti: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti cha uasili na cheti cha kipimo cha sumukuvu. Mwezi Mei Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi na biashara ikawekwa mezani upya. Na kiwango kilichobishaniwa hakikuwa cha kutungwa siku ile. Ni kiwango cha Jumuiya ambacho Tanzania ilishiriki kukiandika: mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na aina ya B1 isizidi 5.

Mahindi yanayovunwa Handeni au Kilindi yakiwekwa ghalani yakiwa na unyevu wa asilimia 16 au 17, kuvu huota, na hakuna mkataba wala hotuba itakayoitoa sumu hiyo. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Yapimwe kwa kipima unyevu kabla ya kufungwa. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kazi hiyo ni yetu tukiwa ndani, na ni yetu tukiwa nje.

Tofauti iko hapa: tukiwa ndani, Kenya ikifunga bila kupima inavunja ahadi yake, na tunaweza kuishtaki mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha au kuipeleka kwenye kamati za vikwazo visivyo vya kiforodha. Tukiwa nje, inaweza kuandika kiwango chake yenyewe, kikali zaidi, na sisi hatutakuwa na kiti kwenye chumba kinapoandikwa. Kwa hiyo mfano ule ule unaotumiwa kusema "tutoke", ukiutazama vizuri, unaeleza kwa nini kutoka kungefanya jambo hilohilo kuwa halali.

Lawama ambazo Jumuiya haina

Ukikaa barazani ukakusanya malalamiko dhidi ya Jumuiya, utakuta sehemu kubwa ni ya sheria zetu wenyewe.

Ardhi ndiyo inayotajwa kwanza. "Watakuja kuchukua mashamba yetu." Itifaki ya soko la pamoja, ibara ya 15, inasema wazi kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi yatatawaliwa na sera na sheria za kila nchi. Raia wa Kenya hapati shamba Pangani kwa sababu ya Jumuiya. Akilipata, kuna Mtanzania aliyemkopesha jina, na dawa ya hilo iko kwenye ofisi za ardhi za hapa hapa.

Ajira nayo. Tanzania ina sheria yake ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni, na vibali vya kazi hutolewa au kunyimwa na maofisa wetu. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wasafiri kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia, na haikuadhibiwa. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, kuanzia wakala wa fedha kwa simu hadi saluni. Kenya ililalamika kwamba hilo linapingana na itifaki, na lalamiko hilo lina msingi. Tunalitaja kuonyesha kwamba Jumuiya haijaifunga Tanzania mikono kama inavyodhaniwa.

Kuhusu kodi, asilimia 18 ya ongezeko la thamani ni sheria ya Bunge la Dodoma. Haiondoki tukitoka.

Hoja nzito za kutoka

Sasa upande wa pili, bila kuupunguzia uzito.

Uhuru wa kupanga ushuru ndio hoja kubwa kuliko zote. Nchi iliyo katika umoja wa forodha haipangi peke yake ushuru wa sukari, mafuta ya alizeti, nguo au chuma. Inapotaka kiwango tofauti huomba ruhusa ya muda, na ruhusa hizo hutangazwa kwenye gazeti la Jumuiya kabla ya Julai mosi, kwa kawaida kwa mwaka mmoja. Kenya huomba kwa mchele, Tanzania huomba kwa bidhaa zake, na kila nchi ina orodha yake. Mwenye kiwanda anayetaka kuwekeza kwa miaka 15 anapewa uhakika wa miezi 12. Hilo ni tatizo la kweli, na wanaotetea kubaki hulipita haraka mno. Zaidi ya hapo, wingi wa ruhusa hizo umeufanya ushuru wa pamoja uwe wa pamoja kwa jina kwenye bidhaa nyingi. Tunaona kwamba dawa yake ni kudai ruhusa za miaka mitatu au mitano kwa bidhaa chache, badala ya kuondoka. Anayefikiri kwamba dawa hiyo haitakubalika ana sababu ya kutaka kutoka.

Hoja ya pili ni wingi wa wanachama wenye vita. Jumuiya ilipeleka kikosi mashariki mwa Kongo Novemba 2022, na kikaondoka Desemba 2023 bila mgogoro kuisha. Nchi mbili wanachama, Kongo na Rwanda, zinatazamana kama maadui. Wakuu wasipoweza kukaa meza moja, maamuzi ya kauli moja hukwama. Tanzania inajua hilo kuliko wengine, kama tutakavyoona kwenye habari ya 1977.

Tatu ni kwamba sehemu kubwa ya biashara yetu haipiti huko. Dhahabu, bidhaa yetu kubwa ya kuuza nje, haiendi Nairobi. Mzigo wa Zambia hupita Dar es Salaam bila Zambia kuwa mwanachama. Na Tanzania iko SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, yenye eneo huru la biashara tangu 2008. Anayetetea kutoka atasema: tubaki SADC, tutumie na Eneo Huru la Biashara la Afrika nzima.

Tatizo la jibu hilo kwa Tanga ni jiografia. Kenya na Uganda hazimo SADC. Eneo Huru la Afrika nalo huondoa ushuru kwa hatua, asilimia 90 ya aina za bidhaa kwa kipindi kinachofika miaka 10, huku asilimia 7 zikichelewa zaidi na 3 zikiachwa nje kabisa. Nafaka ni miongoni mwa vitu ambavyo serikali hufikiria mwanzo kuviweka kwenye hizo zinazochelewa au kuachwa nje. Tena nchi za Jumuiya zilipeleka ofa yao ya ushuru kwa pamoja, kwa hiyo tukitoka itabidi tuandike ya kwetu. Na usidhani SADC ni pepo: Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kulipiza marufuku walizoweka kwa mazao yetu. Ugomvi wa ndizi na mchele hauchagui jumuiya.

Bandari na bomba: hofu iliyokuzwa

Huwa inasemwa kwamba tukitoka, bomba la mafuta ghafi litakufa na bandari ya Tanga italala. Tunadhani hoja hii ni dhaifu.

Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilometa 1,443, ambazo 1,147 ziko Tanzania, limesimama juu ya mkataba wa serikali mbili uliosainiwa Mei 2017 na mikataba ya wanahisa: TotalEnergies asilimia 62, Uganda 15, Tanzania 15 kupitia shirika lake la mafuta, TPDC, na CNOOC ya China 8. Hakuna kati ya hiyo inayosimama au kuanguka na uanachama wa Jumuiya. Bandari nayo, baada ya kuchimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13 ili meli zifunge gatini badala ya kupakulia mbali baharini kwa matishari, itavutia mzigo wa Uganda na Rwanda kwa bei na kasi.

Kitakachopotea ni urahisi wa himaya moja ya forodha, ambapo mzigo unaokwenda Kampala hukamilishiwa taratibu kwenye bandari ya kuingilia. Wakala wa forodha wa Tanga ataliona hilo wiki ya kwanza, na mwenye mzigo atalinganisha siku zake na zile za Mombasa. Ni hasara ya kushindana, si kifo.

Namna ya kutoka

Sisi wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Jumuiya haitokwi hivyo. Ibara ya 145 ya Mkataba inataka kwanza azimio la Bunge lililoungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, si theluthi mbili ya waliohudhuria. Kisha nchi impe Katibu Mkuu ilani ya maandishi ya miezi 12. Ilani inaweza kufutwa kabla muda haujaisha. Katika miezi yote hiyo wajibu unaendelea, michango ikiwemo. Kura ya maoni ya wananchi Mkataba hauidai.

Miezi 12 ni michache kwa kazi iliyopo. Sheria ambayo maofisa wa forodha wetu wanaitumia kila siku, kuanzia kukadiria thamani hadi kutaifisha magendo, ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya 2004. Inapaswa sheria mpya ya kitaifa iwe tayari na kitabu kipya cha ushuru kiwe kimechapwa kabla ya usiku wa mwisho, la sivyo ofisa wa Horohoro ataamka hana kifungu cha kumtoza mtu. Mkataba na Kenya, wa mpaka na wa bidhaa, uwe umesainiwa. Na yapo makao makuu Arusha, na Kamisheni ya Kiswahili Zanzibar, ambayo ni vigumu kuona ikibaki nchi isiyo mwanachama.

Waliotangulia kutoka

Kuna kutoka kwa aina mbili, na Tanzania imefanya zote.

Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika bila utaratibu. Wakuu wake walikuwa hawajakaa pamoja tangu mapinduzi ya Idi Amin ya 1971. Shirika la ndege lilisimama, kila nchi ikashika mali iliyokuwa kwake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kugawana mali na madeni, chini ya usuluhishi wa Victor Umbricht, kulikamilika kwa makubaliano ya Mei 1984. Madai ya mafao ya waliokuwa watumishi yaliendelea hadi miaka ya 2000. Wazee wa Jumuiya waliandamana na kwenda mahakamani wakiwa na mvi.

Mwaka 2000 Tanzania ilitoka COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ilitoa ilani mwaka mmoja kabla, ikabaki SADC, na hakuna mpaka uliofungwa. Ikabakiza hata kilichokuwa na manufaa: bima ya magari ya Kadi ya Njano ya COMESA inatumika nchini hadi leo. Anayevuka Horohoro na gari lake anaijua kadi hiyo. Huo ndio mfano mzuri kuliko yote wa watetezi wa kutoka, na wanapaswa kuutumia zaidi. Tofauti ni kwamba Tanzania haikuwa imeunganisha sheria zake za forodha na COMESA kama ilivyoziunganisha na Jumuiya.

Uingereza ilipiga kura tarehe 23 Juni 2016, asilimia 51.9 kwa 48.1, ikatoka rasmi Januari 31, 2020, na mpito ukaisha Desemba mwaka huo. Kilichowatesa zaidi kilikuwa mpaka wa Ireland ya Kaskazini: ukaguzi lazima uwe mahali fulani, na popote ulipouweka mtu aliumia. Ofisi yao ya bajeti, OBR, inakadiria tija ya uchumi kuwa pungufu kwa takriban asilimia 4 kwa muda mrefu. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2025, lakini zilibaki kwenye umoja wa sarafu ya CFA na kutangaza kuwapokea raia wa jirani bila viza. Hata waliotoka kwa hasira walichagua cha kubakiza.

Nani achague nini

Kama biashara yako ni ya kupeleka bidhaa Zambia, Malawi au Afrika Kusini, kutoka hakutakugusa sana. Mwenye kiwanda anayeshindana moja kwa moja na bidhaa za Kenya ana sababu ya kutaka kutoka, mradi amehesabu malighafi anazoagiza huko. Mkulima wa machungwa Muheza, wa mboga Lushoto, wa mpunga Mombo na mchuuzi wa Duga Maforoni wanapoteza soko lao la karibu kuliko yote, kwa faida ambayo haitawafikia.

Anayeshika upande wa kutoka kwenye mdahalo aombwe karatasi tatu mezani: rasimu ya sheria mpya ya forodha, rasimu ya mkataba wa mpaka na Kenya, na orodha ya anachotaka kubakiza kama tulivyobakiza Kadi ya Njano. Anayeshika upande wa kubaki naye aulizwe ni bidhaa zipi atakazoziombea ruhusa ya miaka mitatu, na ni lini mara ya mwisho Tanzania ilipeleka kesi Arusha badala ya kulipiza kisasi mpakani.